Kutabiri mtiririko na ufanisi wa pampu ya gia katika kiwanda cha mafuta ya alizeti

FundiAlizeti (Singida) anauliza:

Ndugu wahandisi na mafundi, habari za kazi. Ninasimamia matengenezo katika kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida, na ninaomba msaada wenu katika jambo linalonisumbua tangu msimu wa mavuno ulipoanza. Mafuta ghafi yakitoka kwenye mashine ya kukamulia hukusanywa kwenye tangi, kisha pampu ya gia za nje huyasukuma kupitia filta presi, yaani mashine ya kuchujia yenye sahani na vitambaa. Pampu hiyo ina gia mbili zenye meno 12 kila moja, moduli (kipimo cha ukubwa wa meno) ya milimita 4 na upana wa milimita 40, nayo imeunganishwa moja kwa moja na mota ya kilowati 2.2 inayozunguka mara 1440 kwa dakika. Kwa mujibu wa daftari langu, ilipokuwa mpya ilijaza pipa la lita 200 kwa sekunde 177, geji ikisoma baa 6 na mafuta yakiwa na nyuzijoto 70.

Wiki iliyopita nilirudia kipimo hicho kwa joto lilelile, nikibana valvu ya upande wa kutolea ili kupandisha shinikizo. Kwa baa 1 pipa lilijaa kwa sekunde 176, lakini kwa baa 6 lilichukua sekunde 255. Mkuu wangu wa kazi anataka tununue pampu kubwa zaidi, au tufunge inverta tuongeze kasi ya mota. Mimi ningependa kwanza kujua namna ya kukokotoa kile ambacho pampu itatoa kwa shinikizo, joto na kasi fulani, kwa sababu kila muuzaji ninayempigia simu hunitajia idadi ya lita tu, bila kusema lita hizo zilipimwa kwa mafuta gani. Katalogi moja imeandika ufanisi wa asilimia 92. Je, ni sahihi kuchukua mtiririko wa kinadharia na kuuzidisha kwa asilimia hiyo?

MhandisiPampu (Dar es Salaam):

Ndugu FundiAlizeti, ahsante kwa kuleta swali likiwa na vipimo ndani yake, maana wengi huja na malalamiko matupu. Jibu fupi ni kwamba asilimia ya katalogi usiizidishe na chochote mpaka ujue ilipatikana kwa mnato gani (yaani uzito wa mafuta katika kutiririka), shinikizo gani na kasi gani. Aghalabu pampu hizi hupimwa kwa mafuta ya haidroliki, kwa mfano yale ya daraja la VG 46, ambayo kwa nyuzijoto 40 yana mnato wa milimita za mraba 46 kwa sekunde. Mafuta yako ya alizeti kwa nyuzijoto 70 yana takribani theluthi moja tu ya mnato huo, kwa hiyo asilimia ile haikuhusu.

Njia iliyo salama ni kutenganisha vitu viwili: ujazo ambao gia hubeba kwa kila mzunguko, na mvujo wa ndani, yaani mafuta yanayorudi kutoka upande wa shinikizo kwenda upande wa kunyonya kupitia mianya iliyo kati ya gia na vifuniko na kati ya ncha za meno na bodi. Mtiririko halisi ni ujazo wa mzunguko mmoja ukizidishwa na kasi, ukiondoa mvujo huo. Sasa tazama vipimo vyako. Sekunde 176 ni lita 68.2 kwa dakika, na sekunde 255 ni lita 47.1. Umepoteza lita 21.1 kwa baa 5, ambazo ni lita 4.2 kwa kila baa. Ukiurudisha mstari huo hadi shinikizo la sifuri utapata lita 72.4 kwa dakika, na ukigawa kwa mizunguko 1440 utapata sentimita za ujazo 50.3 kwa kila mzunguko. Kiwango cha kimataifa ISO 8426, kinachohusu kutafuta ujazo halisi wa pampu, kimejengwa juu ya wazo hilo la kurudi nyuma hadi shinikizo la sifuri, ingawa kwa vifaa bora kuliko pipa na saa.

Linganisha na umbo la gia zenyewe. Ukizidisha 2π kwa idadi ya meno, kwa mraba wa moduli na kwa upana, utapata sentimita za ujazo 48.3; wahandisi wengi huweka 6.66 mahali pa 2π kwa gia zenye meno machache, na hapo hupatikana 51.1. Namba yako iko katikati ya hizo mbili, na jambo hilo linatuambia mengi: meno yanajaa vizuri, hakuna hewa inayoingia kwenye bomba la kunyonyea, wala pampu haikosi mafuta. Hewa ingekuwapo, upungufu ungeonekana hata kwa shinikizo la sifuri. Hasara yako yote inapanda pamoja na shinikizo, na hiyo ndiyo alama ya mvujo wa ndani. Naomba tu upime nukta ya tatu, tuseme baa 3.5, uone kama inakaa kwenye mstari. Mstari ukikatika ghafla karibu na baa 6, basi tuhuma ihamie kwenye valvu ya usalama.

Kuhusu uchakavu, mvujo katika mwanya mwembamba huongezeka kwa mchemraba wa mwanya. Pampu mpya ilitoa lita 67.8 kwa baa 6, kwa hiyo ilivuja lita 4.6, leo inavuja lita 25.3, ambazo ni mara 5.5. Kipeuo cha tatu cha 5.5 ni takribani 1.77. Kwa maneno mengine, bila kufungua hata bolti moja unaweza kukisia kwamba mianya imepanuka hadi karibu mara moja na robo tatu ya ilivyokuwa.

Kuhusu inverta, kumbuka kwamba mvujo kwa dakika hautegemei sana kasi. Ukiongeza kasi hadi mizunguko 1800, utapata 90.5 ukiondoa 25.3, yaani lita 65.2. Ukipunguza hadi 720, utabaki na lita 10.9 tu, na ufanisi wa ujazo, yaani mtiririko halisi ukigawanywa kwa ule wa kinadharia, utakuwa asilimia 30 kwa pampu ileile ambayo leo ina asilimia 65. Kwa hiyo ufanisi si tabia ya kudumu ya pampu, bali hubadilika kila unapobadilisha hali ya kazi. Kuongeza kasi kutakupa lita, lakini kutaharakisha ulaji wa chuma, hasa kwa kuwa unasukuma mafuta yenye mashapo.

MaweseKigoma:

Nakubaliana na maelezo ya mhandisi, na ningependa kuongeza upande wa joto. Mnato wa mafuta ya alizeti ni takribani milipaskali-sekunde 13 kwa nyuzijoto 70, takribani 30 kwa nyuzijoto 40, na karibu 50 kwa nyuzijoto 25. Kwa kuwa mvujo hupungua mnato unapoongezeka, ukiyaacha mafuta yapoe hadi nyuzijoto 40 kabla ya kuyasukuma, lita 25.3 za mvujo zitashuka hadi kama 11, na ufanisi wa ujazo utapanda kutoka asilimia 65 hadi 85 bila kununua kitu chochote. Asubuhi kwa nyuzijoto 25 unaweza kufika asilimia 91.

Tahadhari yangu ni moja, nayo inatokana na mawese, ambayo huku kwetu tunahangaika nayo kila siku kwa sababu yakipoa huanza kuganda. Mafuta yakiwa mazito mno, mvujo karibu unatoweka, lakini pampu inaanza kushindwa upande wa kunyonya. Tulikokotoa kwa bomba la kunyonyea la milimita 50 lenye urefu wa mita 6: kwa mafuta ya mnato wa milipaskali-sekunde 1500 na mtiririko wa lita 72 kwa dakika, shinikizo linalopotea ndani ya bomba hilo ni kama baa 0.7, na hapo nafasi kati ya meno hazijai tena, kelele inaanza, na chuma kinadonolewa. Kwa bomba la milimita 75 hasara hiyo hushuka hadi karibu baa 0.14. Kwa alizeti ya nyuzijoto 40 hutafika huko, ndiyo maana naona kupoza ni njia rahisi.

MkufunziMitambo (Arusha):

Ninaheshimu uzoefu wa ndugu yetu wa Kigoma, na hesabu yake ya bomba la kunyonyea ni ya kuzingatiwa na kila anayesukuma kimiminika kizito. Hata hivyo, ushauri wa kupoza mafuta hautamsaidia muuliza swali, na ningeomba tuutazame kwa makini, kwa sababu kosa lililomo humo ni la kawaida sana: tunatabiri pampu peke yake na kusahau kile ambacho pampu inasukumia.

Vipimo vya pipa vilifanywa kwa valvu iliyobanwa hadi geji isome baa 6. Katika kazi halisi hakuna anayeweka baa 6. Shinikizo linazaliwa na tabaka la mashapo linalojijenga juu ya vitambaa vya filta presi. Sasa fuata mafuta yakiisha kubebwa na meno ya gia. Yana njia mbili: njia halali kupitia tabaka la mashapo na kitambaa, na njia ya panya kupitia mianya ya pampu kurudi upande wa kunyonya. Njia zote mbili ni nyembamba, mtiririko wake ni wa utulivu, na katika zote mbili mtiririko hupanda pamoja na shinikizo na hushuka kadiri mnato unavyoongezeka, kwa kiwango kilekile. Ukiyapoza mafuta mnato ukawa mara mbili, unazibana njia zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mgawanyo kati yake haubadiliki. Kama leo lita 47 zinapita kwenye filta na lita 25 zinarudi, kwa tabaka lilelile na mafuta ya nyuzijoto 25 zitapita lita 47 na zitarudi 25 vilevile. Kitakachobadilika ni geji, ambayo itataka kupanda kutoka baa 6 hadi karibu baa 23, na muda mrefu kabla ya hapo valvu ya usalama itakuwa imefunguka.

Ndiyo kusema, asilimia 91 ni ya kweli kwa pipa na si ya kweli kwa filta. Kinachobadilisha mgawanyo ni umbo tu: ama upunguze mianya ya pampu, ama upunguze ukinzani wa tabaka kwa kulisafisha mapema au kuongeza sahani. Mafuta yabaki ya moto, maana yakiwa ya moto filta hupitisha kiasi kilekile kwa shinikizo dogo, na shinikizo dogo huzipumzisha beringi.

Nigusie pia upande wa nguvu, kwa kuwa swali lilikuwa la ufanisi na hadi sasa tumezungumzia ujazo pekee. Mhandisi W. E. Wilson, katika miaka ya 1940, alitoa kielelezo ambacho bado kinatumika: mvujo unapimwa kwa kigezo kimoja, na nguvu ya kuzungusha inagawanywa katika sehemu ile inayofanya kazi, sehemu ya msuguano wa mnato inayoongezeka kwa kasi na mnato, sehemu ya msuguano inayoongezeka kwa shinikizo, na sehemu isiyobadilika ya sili. Kwa pampu yako, ujazo wa sentimita 50.3 kwa baa 6 unadai nguvu ya kinadharia ya kilowati 0.72 kwa kasi ya 1440, na mafuta yanayotoka yanabeba kilowati 0.47 tu. Robo ya kilowati inayobaki inageuka joto ndani ya mianya. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba pampu ikichakaa, mota haipunguzi mzigo: kwa baa zilezile inadai nguvu ileile, na wewe unapata lita chache. Ukitaka kujua ufanisi wa jumla, pima kilowati zinazoingia kwenye mota kwa mita ya nguvu na wala si ampea pekee, kwa sababu mota ndogo isiyo na mzigo mkubwa huvuta ampea nyingi ambazo si nguvu ya kazi.

FundiAlizeti:

Wakuu, nawashukuru sana. Nimefanya vipimo mlivyoagiza.

Kwa baa 3.5 na nyuzijoto 70 pipa lilijaa kwa sekunde 209, yaani lita 57.4 kwa dakika. Mstari ulitabiri 57.6. Valvu ya usalama haina hatia. Asubuhi, mafuta yakiwa na nyuzijoto 25, nilibana hadi baa 6 na kupata sekunde 187, ambazo ni lita 64.2, hesabu ya mnato ingenipa 65.8, hivyo mvujo ulikuwa mkubwa kidogo kuliko utabiri. Kisha nikajaribu filta presi yenyewe asubuhi ileile, ikiwa na tabaka la jana. Tabaka lililolala usiku kucha huenda lilishikana zaidi, nakiri, lakini geji ilipanda moja kwa moja hadi baa 9 na valvu ya usalama ikafunguka. Baada ya kuona hilo kwa macho yangu nimeacha kabisa wazo la kupoza.

Umeme nimepima kwa mita ya nguvu: kilowati 1.31 kwa baa 6. Nikichukua ufanisi wa mota kuwa asilimia 80, shafti inapata kama kilowati 1.05, na ufanisi wa jumla wa pampu unakuwa asilimia 45. Kwa kila lita 1000 zinazochujwa ninatumia uniti 0.46 badala ya 0.32 za pampu ilipokuwa mpya. Gharama hiyo ya umeme ni ndogo. Kinachoniumiza ni muda, kwa sababu tangi linajaa kabla filta haijamaliza, na inabidi tusimamishe ukamuaji huku wakulima wakisubiri na magunia yao nje.

Jana nilifungua pampu. Kitabu chake kinasema mwanya wa pembeni ni milimita 0.08 kila upande. Kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya) nimekuta 0.12 upande wa mota na 0.16 upande wa pili, na bodi ina mikwaruzo inayoonekana upande wa kunyonya. Je, wastani wa 0.14 ndio nilinganishe na ile 1.77?

MhandisiPampu:

Usichukue wastani wa kawaida. Kwa kuwa mvujo unafuata mchemraba, tafuta wastani wa michemraba: 0.12 na 0.16 hutoa mwanya mmoja sawia wa takribani milimita 0.143, ambao ni mara 1.79 ya 0.08. Umekaribiana sana na makisio, na ujue kwamba upande wa 0.16 peke yake unabeba karibu asilimia 70 ya mvujo wa pembeni. Anza na kifuniko cha upande huo. Mikwaruzo ya bodi ni ya kawaida, kwa sababu shinikizo husukuma gia kuelekea upande wa kunyonya, na bushi zikilegea ncha za meno hugusa bodi; badilisha bushi hizo hata kama bado zinaonekana nzima.

Tofauti yako ya asubuhi ina maelezo. Mafuta yakipita kwenye mwanya hupashwa joto na msuguano, kwa hiyo mnato ndani ya mwanya ni mdogo kuliko ule unaoupima tangini, na athari hiyo huonekana zaidi mafuta yanapokuwa mazito.

Vifuniko vikisawazishwa, rudisha 0.08 kwa unene wa gasketi na usiende chini ya hapo kwa tamaa ya lita. Kwa nyuzijoto 70 gia hutanuka, na chembe za maganda zikiingia kwenye mwanya uliobana mno zitachimba uso wa chuma. Pampu kubwa zaidi isubiri. Ukiifunga bila kuondoa mashapo, itafika mahali hapahapa.

FundiAlizeti:

Vifuniko vyote viwili vimesawazishwa karakana, bushi ni mpya, na mwanya sasa ni 0.08 na 0.09. Leo mchana, kwa nyuzijoto 70 na baa 6, pipa limejaa kwa sekunde 184, sawa na lita 65.2 kwa dakika. Mvujo ni lita 7.2, si 4.6 za zamani. Sehemu ndogo ya tofauti hiyo inatokana na 0.09, na iliyobaki naihesabu kuwa ya mikwaruzo ya bodi ambayo sikuweza kuigusa. Mkuu wangu ameahirisha ununuzi. Tumeongeza tangi la kutulizia mafuta na wavu kabla ya pampu, na nitapima pipa kila Jumatatu kwa baa 1 na baa 6. Mwezi ukiisha nitaleta hapa mteremko wa mstari (lita zinazopotea kwa kila baa) wa kila wiki ili tuone kama mchemraba wa mwanya unapanda polepole zaidi kuliko msimu uliopita.